Mama Furaha kauliza: na joto hili la Tucson, tuanzie makumbusho gani?

Mama Furaha ameniandikia swali refu, nalifupisha hapa ili na wengine walioko huku wafaidike. Yuko Tucson, Arizona, huu mwaka wa pili, familia ilitoka Uvira ikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ana watoto watatu wa miaka 5, 9 na 14, na anakaa na mama mkwe ambaye Kiingereza hana kabisa. Shule zikifungwa wanashinda ndani na AC, watoto kwenye simu, bibi dirishani. Kazini kila siku wanamwambia peleka watoto museum, peleka watoto museum. Sasa anauliza ipi? Bei ikoje? Jangwani humu kuna nini cha kuangalia zaidi ya miiba? Yule mkubwa keshasema museum ni boring kabla hata hajaiona, na bibi naye anauliza kama anaruhusiwa kuingia na kitenge chake.

Dada, mi kazi ya kutembeza wageni kwenye makumbusho nimeifanya miaka kadhaa, Dar nilianza na huku nikaendelea kwa kujitolea, kwa hiyo hili swali umenipatia kwenyewe. Ila jibu langu halitaanza na jina la makumbusho, litaanza na saa. Huku Tucson ukikosea saa umekosea kila kitu, hata uende mahali pazuri namna gani.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpeleka mwanangu Desert Museum, ile ya wanyama na mimea ya jangwani, mwezi wa sita, tukatoka nyumbani baada ya kula, tukafika saa nane mchana (yaani saa mbili ya kwao). Nimelipa hela yote. Tumeingia, wanyama wote wamejificha kwenye mashimo, wamelala, koyote simwoni, puma simwoni, mtoto kashika mlingoti wa chuma kaungua kiganja analia, maji tumemaliza ndani ya nusu saa, tumerudi kwenye gari tukakuta usukani haushikiki. Nikasema hawa watu wametuibia. Kumbe mimi ndo mjinga, mnyama wa jangwani ana akili kuniliko, saa nane mchana hatoki nje. Basi tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, makumbusho ya nje unakuwepo getini wanapofungua na saa nne na nusu ushaondoka, makumbusho ya ndani ndo unayaweka mchana. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu nenda saa yoyote unayotaka, hali ya hewa inakuwa kama Iringa tu, asubuhi hadi sweta unavaa.

Kwa familia yako mimi ningeanza na Mission Garden. Najua hakuna mtu kazini kwako aliyekutajia hiyo, wao watakutajia Desert Museum na ile ya eropleni, na hizo tutafika. Ila we una bibi nyumbani, na bibi ndo mtu anayesahaulika kwenye hizi safari, anaburuzwa nyuma ya watoto siku nzima anaangalia vitu asivyoelezwa. Mission Garden ni shamba limezungushiwa ukuta wa tofali za udongo, liko chini ya kile kilima chenye herufi A kubwa magharibi ya mjini kati. Ni makumbusho lakini vitu vyake havikai kwenye kioo, vimeoteshwa. Kila kipande cha shamba ni zama fulani au watu fulani waliolima hapa: kuna cha wenyeji wa kale, cha Waodham (watu wa asili wa jangwa hili) kabla Wahispania hawajaja na baada ya kuja, kuna bustani ya matunda ya wakati wa mapadri, cha Wameksiko, cha Wachina, na kipo pia cha mazao yaliyotoka Afrika. Unaelewa sasa kwa nini nasema bibi? Mpeleke akakute bamia, kunde, mtama. Utamwona anavyobadilika. Mi nilishawahi kumpeleka mama mmoja wa Burundi pale, alikuwa hajasema neno tangu kwenye gari, alipofika kwenye kunde akaanza kumfundisha yule mwenyeji wetu namna majani yake yanavyopikwa, kwa Kirundi, na yule mama wa Kimarekani akawa anaandika, mimi natafsiri kwa kubahatisha maana Kirundi changu cha kuombea maji.

Na hapo kwenye kunde kuna habari ambayo watoto wako waijue. Watu wa asili wa jangwa hili, Tohono O'odham, wana kunde zao wanazozilima miaka na miaka, ukiangalia unadhani ni zao la hapahapa, kumbe asili ya kunde ni Afrika, zikavuka bahari wakati wa Wahispania, zikalipenda jangwa zikakaa. Wana pia maharage yao wenyewe madogo yanaitwa tepari, hayo ni ya hapa hasa, yanaota kwa mvua chache mno. Na mchicha! Lengalenga. Mvua za mwezi wa saba na wa nane zikipiga, kwenye makorongo ya Tucson mchicha pori unaota wenyewe, na Waodham wameula tangu zamani. Bibi ataujua tu. Ila usimruhusu auchume kandokando ya barabara, huko wanapuliza dawa za magugu, bora aone pale shambani aulize mbegu. Kuna shirika hapahapa mjini linaitwa Native Seeds/SEARCH, tangu 1983 kazi yao ni kutunza mbegu za zamani za jangwa hili, na wanauza vipakiti.

Chini ya kile kilima chenye herufi A watu wamelima zaidi ya miaka 4,000, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mahindi na mifereji ya kumwagilia, na jina lenyewe Tucson limetoka hapo, kwa Kiodham ni Chuk-shon, maana yake kama "chini ya kilima cheusi". Mto Santa Cruz ambao siku hizi sehemu kubwa ni mkavu, zamani ulikuwa na maji ya kutosha. Kwa hiyo mtoto akisema jangwani hakuna kitu mwambie hivi: mwaka 2015 UNESCO waliupa huu mji hadhi ya mji wa mapishi, wa kwanza Marekani nzima, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo ya kilimo cha siku nyingi. Angalia tu siku za Mission Garden, hawafungui wiki nzima, na ni asubuhi, ndo maana naipenda.

Haya, Desert Museum. Jina lake kamili Arizona-Sonora Desert Museum, ipo tangu 1952, iko nje ya mji upande wa magharibi ng'ambo ya milima, nusu saa hivi kwa gari. Hapa jina linadanganya, ukisikia museum unawaza vioo na vumbi, lakini sehemu kubwa ni nje, ni zoo na bustani ya mimea na makumbusho vimechanganywa pamoja, unatembea kwenye njia karibu kilometa tatu. Puma yupo, mbwamwitu wa Meksiko yupo, dubu, koyote ambaye utamwita mbweha na hutakosea sana, fisi maji, na yule javelina ambaye kila Mwafrika ninayempeleka anasema "ngiri huyo!" wakati wataalamu wanasema ni ukoo mwingine kabisa, sio nguruwe. Mi nimeshachoka kubishana, waite ngiri tu. Wananuka kabla hujawaona.

Mtoto wako mdogo wa miaka 5 mwingize kwenye pango, ni la kutengenezwa lakini huwezi kujua, ndani kuna ubaridi na giza zuri. Halafu mpeleke kwenye kile kibanda cha wavu cha hamingbadi. Hivi vindege kwetu havipo, vinapatikana mabara ya Amerika peke yake, sisi tuna chozi ambaye anafanana naye kwa rangi na kwa kunywa maua, ila chozi mara nyingi anatua, huyu anaganda hewani palepale mbele ya ua kama kafungwa uzi. Ukivaa nguo nyekundu anakuja kukukagua. Kitenge cha bibi chenye maua mekundu hapo ndo kitapata kazi.

Jambo moja la kumtayarisha bibi mapema. Wafanyakazi wa kujitolea pale wanazunguka na wanyama mkononi wanawaonyesha watu kwa karibu, na mara nyingine mnyama mwenyewe ni bundi. Mchana kweupe, bundi, kwenye mkono wa mzee anayetabasamu. Nimeona mama wa watu kageuka kurudi getini. Nyoka wenye manyanga mkiani hao wako nyuma ya kioo hawana shida, bundi ndo anavuruga safari. Mwambie tangu nyumbani kwamba huku bundi ni ndege tu wa kula panya, akikataa kusogea muache asimame mbali, asilazimishwe.

Huyo wa miaka 9 mpe kazi ya saguaro. Ule mdungusi mrefu wenye mikono unaouona kila mahali hapa, hata kwenye namba za magari. Sasa saguaro mwenye miaka minane anakuwa na sentimeta tatu tu, au nne, hafiki kidole cha mtoto wako! Anaota chini ya kivuli cha mti mwingine ndo anamlinda na jua na baridi. Mikono anaanza kuotesha akiwa na miaka 50, 70, wengine wanachelewa zaidi, na anaishi 150 na kitu. Kwa hiyo ukimwona mwenye mikono mitano huenda alikuwepo kabla Arizona haijawa jimbo, maana imekuwa jimbo 1912. Mwambie mtoto atafute mmoja ambaye anadhani ni mkubwa kuliko bibi. Watahesabu mikono mpaka basi. Mwishoni mwa mwezi wa sita yana matunda mekundu juu, Waodham huyaangua kwa miti mirefu iliyotengenezwa kwa mbavu za saguaro mwenyewe aliyekufa, na huo ndo mwaka wao mpya, mvua ziko karibu. Wewe usiangue hata moja na usikate kitu, mmea huu unalindwa na sheria, faini utaisikia.

Kama mtaenda kipindi cha baridi, kuanzia kama katikati ya mwezi wa kumi mpaka wa nne, wana onyesho la kurusha ndege wakali, kipanga na wenzake wanapita juu ya vichwa vya watu karibu kukugusa nywele. Wanao wale vipanga wa Harris ambao wanawinda kwa kundi kama simba, kitu ambacho ndege wa namna hiyo hawafanyi kawaida. Kijana wako wa miaka 14 hapo ataitoa simu mfukoni kwa sababu ya maana.

Lakini huyo wa 14 kwa kweli dawa yake ni makumbusho ya eropleni, Pima Air & Space. Iko kusini mashariki, ilifunguliwa 1976, ina ndege kama 400 hivi, zingine ndani ya mahanga (mabanda makubwa ya ndege), nyingi nje juani, eneo lote ekari 80. Nje msikae sana. Mnatembea huko dakika sitini tu za kwanza asubuhi, halafu mnaingia mahanga ambako kuna ubaridi mnabaki humo. Kuna ile SR-71 nyeusi ya kijasusi iliyokuwa ikikimbia mara tatu ya mwendo wa sauti, kuna ndege iliyombeba rais Kennedy, na kuna Boeing 787 Dreamliner, moja ya zile za mwanzo kabisa walizozitumia kufanyia majaribio. Hiyo ndo aina ileile ambayo Air Tanzania walianza kuipokea 2018 na Kenya Airways wanayo, inawezekana kabisa familia yako imepanda dada yake siku mnakuja. Wazee wanaosimama kando ya ndege wengi ni marubani na mafundi wastaafu wa jeshi, mwambie kijana achague mzee mmoja amuulize swali moja, "hii uliwahi kuipanda?", basi, hatotoka hapo kwa dakika ishirini.

Halafu mkitoka piteni barabara ya pembeni mkaangalie kupitia uzio ule uwanja wa jeshi wa Davis-Monthan, ndege kwa maelfu zimepangwa kwenye mchanga kama viatu mlangoni msikitini. Watu wanapaita makaburi ya ndege lakini nyingi hazijafa, zimehifadhiwa, zingine zinang'olewa vipuri, zingine zinarudi kazini. Kwa nini hapa? Hewa kavu, mvua kidogo, chuma hakishiki kutu, na udongo wa huku mgumu kama saruji kwa hiyo ndege nzito inasimama bila kumwagiwa zege. Kitu hichohicho kinachokupasua midomo ndo kinatunza ndege.

Kuna watu watakwambia uunganishe na Titan Missile Museum, iko kusini karibu na Green Valley. Hapo nakuomba usikilize vizuri. Ni shimo la kombora la nyuklia la kweli, Marekani ilikuwa na makombora 54 ya Titan II ardhini, 18 yalikuwa yameizunguka Tucson hii, na hili shimo ndo pekee lililobaki watu wakaangalie. Kombora lina urefu wa mita 31, unashuka ngazi 55 kwenda chini, milango ya chuma ya unene wa kutisha, na kule chini wanaigiza kurusha, mtu anageuza ufunguo, taa zinawaka, kengele zinalia. Kama makumbusho ni moja ya bora nilizowahi kuingia. Lakini bibi aliyekimbia vita usimshushe kwenye shimo la zege lenye ving'ora, na magoti yake ngazi 55 kurudi juu hapana. Wewe mwenyewe pima moyo wako. Kijana mpeleke siku nyingine peke yake na baba yake, na njiani mumsimulie kitu ambacho mtembeza wageni wa pale huenda asikigusie, kwamba uranium iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima 1945 sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Kwenu. Muone kama atasema tena boring.

Sasa mchana wa joto mnakaa wapi? Mjini kati, kwenye ile kotihausi (jengo la mahakama) ya zamani ya kaunti yenye kuba la vigae vya rangi rangi, jengo la 1929. Ndani yake tangu 2021 kuna makumbusho ya mawe ya thamani ya chuo kikuu, inaitwa Alfie Norville Gem & Mineral Museum. Hii watu wetu hawaijui na mi sielewi kwa nini, maana ni kama nyumbani. Arizona ndo inaongoza Marekani kwa shaba, na palipo na shaba pana malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo Wakongo mnalichonga sanamu na shanga, huku lilitoka kwa wingi migodi ya Bisbee pamoja na azuraiti ya bluu. Mtu wa Kolwezi akiingia humo anaanza kueleza yeye.

Na tanzanaiti, ngoja niseme kidogo maana hapa roho yangu ya Kitanzania haitulii. Kila mwezi wa pili Tucson inajaa wafanyabiashara wa mawe kutoka dunia nzima, maonyesho hayo yalianza 1955 kidogokidogo, siku hizi hoteli zinajaa, mahema kila kona, na utasikia Kiswahili barabarani, watu wa Arusha, Voi, Nairobi wamekuja na tanzanaiti, tsavoraiti, spinel. Jiwe linalotoka Mererani peke yake duniani, limejulikana tangu 1967, linauzwa sana hapa mjini kwako ndani ya wiki mbili. Mwaka 2002 wakati magazeti yameandika kwamba biashara ya tanzanaiti inafadhili magaidi na maduka makubwa yameacha kuliuza, serikali ya Tanzania na wafanyabiashara walikutana hukuhuku Tucson wakasaini makubaliano ya kufuatilia jiwe kutoka mgodini mpaka dukani. Sehemu nyingi za maonyesho ya mwezi wa pili ni za wenye leseni, lakini zipo ambazo mtu yeyote anaingia bure. Nendeni, bei msiulize, angalieni tu.

Zingine nazipitia haraka. San Xavier del Bac ni kanisa, sio makumbusho kamili ingawa lina chumba kidogo cha makumbusho, liko kwenye ardhi ya Waodham kusini ya mji, jeupe pee, lilijengwa 1783 mpaka 1797, ndani ukuta wote umechorwa, kuingia ni bure unatoa sadaka ukipenda. Francis Xavier ambaye lina jina lake ndo yuleyule aliyepita Malindi 1542 akielekea India, na kanisa dogo la Wareno kule Malindi nalo linaitwa kwa jina lake. Kama bibi ni Mkatoliki hiyo weka Jumapili, misa ipo, nje kina mama wa Kiodham mara nyingi wanauza mikate ya kukaanga, kama andazi lililotandazwa. Wasipigwe picha bila kuombwa.

Arizona State Museum pale chuoni ipo tangu 1893, ina vikapu na vyungu vya watu wa asili kwa wingi usio wa kawaida, kama bibi anasuka ukili atataka kujua wanavyoanza kitako cha kikapu, ila cheki kwanza kwenye mtandao kama kumbi ziko wazi. Chuoni hapohapo, ndani ya jengo la wanafunzi, kuna makumbusho ndogo ya Wamarekani weusi wa kusini mwa Arizona, ya 2023, na ukimaliza mpitishe kijana nje ya Dunbar, ile shule waliyotengewa watoto weusi kuanzia 1918, jengo bado lipo. Children's Museum mjini kati, kwenye maktaba ya zamani ya Carnegie, hiyo ni ya mdogo wa 5 tu, wengine watakulaumu. Na ile yenye jengo kama ngome njiani kwenda Gates Pass, iliyojaa wanyama waliokaushwa, mi sikukatazi lakini mtu amelala Kigoma halafu alipe dola kuangalia nyati aliyejazwa pamba, hapana bwana.

Hela. Desert Museum na ya eropleni zote mbili mtu mzima analipa zaidi ya dola 20, mkiwa watano inauma, nakubali. Lakini usilipe kabla hujafanya mambo mawili. La kwanza, kama mna kadi ya EBT ya chakula, kuna mpango wa nchi nzima unaitwa Museums for All, unaonyesha kadi dirishani mnaingia bure au kwa dola tatu kila mtu, mpaka watu wanne. Sio makumbusho yote yamejiunga, kwa hiyo unauliza tu, "Museums for All?", neno hilohilo, hakuna aibu, wanaulizwa kila siku. La pili, maktaba za Pima County huwa zina pasi za makumbusho zinaitwa Culture Pass, unachukua kwa kadi yako ya maktaba kama unavyoazima kitabu. Zinaisha haraka wikiendi, nenda katikati ya wiki asubuhi, na soma kwenye pasi yenyewe ni ya watu wangapi na inaisha lini. Kama utapenda Desert Museum na kutaka kurudi, piga hesabu ya uanachama wa mwaka, familia kubwa mara nyingi hela inarudi ukienda mara ya pili au ya tatu.

Usafiri ndo kikwazo. Mjini kati, chuoni na karibu na Mission Garden kuna ile treni ya barabarani ya Sun Link, hiyo inawatosha. Desert Museum basi haliendi, tafuteni mtu mwenye gari mchangie mafuta. Barabara ya Gates Pass ni nzuri kwa macho ila ina kona kali, dereva mgeni apite Kinney Road. Na kipindi cha mvua, mwezi wa saba na wa nane, ukikuta korongo lina maji yanavuka barabara usiingie hata kama yanaonekana ya kifundo, Arizona wana sheria kabisa, ukipita vizuizi ukaja kuokolewa bili unaletewa wewe.

Siku ya safari makumbusho moja tu, saa mbili zinatosha, tatu mwisho. Usisome kila kibao. Na tafadhali usimfanye yule wa miaka 9 kuwa mkalimani wa bibi kutwa nzima, naona familia nyingi wanafanya hivyo, mtoto anarudi kachoka hajaona kitu. Pokezaneni, kila mmoja anamtafsiria bibi vitu vitatu anavyochagua mwenyewe, basi, vingine bibi ataviangalia kwa macho yake na atasema yake, na hapo ndo mmsikilize.

Kuhusu kitenge, aende nacho, nani amkataze? Cha pamba chepesi, na kingine cha kujifunika kichwani, kinashinda kofia. Kinachohitaji kubadilishwa ni ndala. Avae viatu vya kufunika vidole maana kuna mdungusi mmoja unaitwa cholla, vipande vyake vinaanguka njiani na vinashika mguu utafikiri vimerukia. Vikimshika msivute kwa mkono, vitahamia mkononi. Weka kitana kwenye mkoba, kile cha meno mapana, unapitisha meno katikati ya mguu na kile kipande unakirusha mbali kwa mkupuo mmoja, na kabla ya kurusha angalia mdogo wa 5 amesimama wapi.